Milango ya Kisanduku cha Samaki

Watu wa mtaa wa Waswahili pale Rumonge, mji ulio kando ya ziwa, husema hivi: simu yako ikiharibika, mpelekee Asmani Lukeba, habari zako mpelekee mwingine, maana Asmani hatakujibu. Si kiburi. Ni haya tu. Tangu utotoni mtu akimtazama usoni yeye hutazama kitu kilicho mikononi mwake, na kama mikono haina kitu, hutazama kucha. Sasa ana miaka arobaini na saba, ana mke, Shadia, na watoto wanne, na bado akienda kununua chumvi husubiri wateja wote wamtangulie, hata walioingia dukani baada yake.

Shule aliiacha darasa la sita. Vita viliwavusha yeye na mama yake hadi Kigoma, na huko, kwa kukaa nyuma ya meza ya fundi mmoja, akajifunza redio. Aliporudi Rumonge redio zilikuwa zimeanza kukaa kimya, kila mtu ana simu. Basi akajifunza simu, moja baada ya nyingine, akizifungua na kuzifunga mpaka vidole vikajua njia bila macho. Meza yake iko jirani na soko. Kazi zake kubwa ni mbili: kubadili vioo vilivyopasuka, na kunakili nyimbo kutoka kadi moja kwenda nyingine kwa vijana wanaokwenda ziwani usiku na kutaka muziki chomboni.

Na alikuwa na sheria moja. Kila simu ina namba yake ya kiwandani, inayoitambulisha dunia nzima. Wapo mafundi wanaoibadilisha hiyo namba ili simu ya wizi isijulikane. Asmani hakuigusa hata siku moja. Mtu akija na maombi ya namna hiyo, Asmani humrudishia simu yake kimya kimya, naye huelewa.

Mwaka jana akina mama wanaouza samaki walipata chumba cha baridi, frigo kubwa ya kuingia watu, iliyojengwa juu kidogo ya pwani. Furaha ilidumu majuma matatu. Siku moja mashine ikasimama, hakuna aliyejua, na mlango ulipofunguliwa harufu ilifika sokoni. Mikeke yote, samaki wa thamani wa ziwa hilo, ikaenda kuzikwa. Tangu hapo hakuna mama aliyethubutu kuweka samaki mle. Wanauza palepale mchangani, wote asubuhi moja, kwa bei anayoitaka mnunuzi.

Ndipo Nour, binti wa dada yake Asmani, aliyesoma Bujumbura mambo ya kompyuta, akatengeneza visanduku viwili. Kimoja kikawekwa kwenye chumba cha Rumonge, cha pili kwenye chumba kidogo cha Kigwena, karibu na msitu. Kisanduku hupima joto, hutuma habari Bujumbura kwa antena, kisha hupokea jibu kwamba habari imefika; jibu lisipokuja hurudia habari ileile, na mpya hungoja. Kila nusu saa mkubwa wa chama cha akina mama hupata ujumbe wa joto lilivyo, na baridi ikipungua, simu za akina mama wote zinalia. Programu ya ndani Nour aliiandika mwenyewe, na mjomba wake akawa fundi wa kukitunza. Asmani hakumwambia mtu, lakini kila asubuhi alipita kukifuta vumbi kabla ya kufungua meza yake.

Jumatatu moja Mama Chausiku, mkubwa wa chama cha akina mama hao, akaja mezani. Ziwa lilikuwa limefungwa miezi mitatu ili samaki wapumzike na kuzaa, na Alhamisi ile lingefunguliwa.

"Amahoro, Asmani."

"Amahoro, Mama Chausiku."

"Hiyo kisanduku yako iko inalala tena. Jana nimekaa na simu mukononi saa nzima, hapana kitu. Halafu mesaje tatu zinakuja mara moja, kama watoto wametoka ku masomo. Halafu tena kimya."

Asmani akatazama bisibisi iliyokuwa mkononi.

"Mwaka jana tumezika samaki," Mama Chausiku akaendelea. "Wewe umewahi kusikia mutu anazika samaki? Sasa Alhamisi ziwa inafunguka, mikeke itakuwa mingi kuliko watu. Wamama wananiuliza: tuweke mu frigo, ama tuuze mu mchanga kama kila siku? Niwaambie nini?"

"Nipe mpaka Jumatano," Asmani akasema, taratibu.

"Unaniambia mimi, ama unaambia hiyo turunevisi?"

Wateja wakacheka. Asmani akainua macho, akamtazama Mama Chausiku mpaka kidevuni, akarudia: "Mpaka Jumatano, mama."

"Haya. Jumatano saa nne tuko na mkutano palepale ku frigo. Kama haisemi vizuri, tunaitoa, na ile ya Kigwena pia. Na huyo mutoto Nour, mwambie arudi akasome tena. Ametuletea mchezo."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Kisanduku kikitolewa, samaki wataendelea kuuzwa mchangani, hilo ni kweli. Lakini jina la Nour nalo litabaki palepale mchangani, likikanyagwa na kila apitaye.

Jumanne asubuhi hakufungua meza. Alikwenda kwenye chumba cha baridi na kompyuta yake kuukuu, akaiunganisha na kisanduku, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu sikioni. Nour alikuwa kazini kwake Bujumbura, akizungumza kwa sauti ya chini.

"Mjomba, unakumbuka nilivyokueleza? Kompyuta nyingine ni kama hoteli. Ina mapokezi, ina vyumba, ina jiko, na mwizi anaweza kupita hata dirisha la jikoni. Hii yangu ni yai. Inaitwa unikerneli. Ndani kuna programu moja tu na chakula chake, basi."

"Na yai likiumwa?"

"Hapo ndipo penye kazi. Huwezi kuingia ndani ukaliuliza una nini. Unakaa mlangoni, unasikiliza."

Yai lenyewe liliishi mle kisandukuni, ndani ya kompyuta ndogo, si kubwa kuliko kipande cha sabuni ya mawese. Kati ya yai na kompyuta hiyo kulikuwa na mlango wa mtandao, mlango usioonekana, ulioandikwa tu kwa maneno. Kila neno linaloingia au kutoka hupita hapo likiwa limefungwa katika vifurushi vidogo viitwavyo pakiti, kila pakiti na anwani ya anayetuma na ya anayetumiwa. Kazi ya Asmani ilikuwa kuzinasa: asizizuie, azione tu zikipita.

Aliandika amri herufi kwa herufi, akifuata daftari. Akabonyeza. Akasubiri. Kioo kikakaa kitupu kama uso wa mtu asiyekujua.

"Unaona nini?"

"Hakuna. Sifuri."

"Haiwezekani. Andika tena."

Akaandika tena. Sifuri. Mara ya tatu, sifuri. Nusu saa ikaisha hivyo. Nour akaanza kuhema simuni, na Asmani akajua mtoto anaogopa. Akaacha kuandika. Akafanya kile anachokifanya simu mbili za aina moja zikiwa mezani, moja nzima na moja mbovu: akaweka orodha ya milango kwenye kioo na kuanza kulinganisha mstari kwa mstari, bila haraka, kidole juu ya kioo. Ule aliokuwa akiusikiliza uliitwa tap0. Mwishoni mwa mstari wake palikuwa na neno la kusema umelala. Chini yake palikuwa na mstari mwingine unaofanana nao kama pacha, tap1, na huo ulisema uko macho.

"Nour. Iko milango miwili."

"Miwili? Mmoja tu, mjomba."

"Miwili. Huu tunaosikiliza umelala."

Nour akacheka kwa nguvu hata akasahau kwamba yuko kazini. "Ule wa kwanza niliufungua mwezi wa tano nikijaribu! Nikasahau kuufuta! Mjomba, asubuhi yote tumesikiliza mlangoni pa nyumba isiyo na watu!"

Asmani akafuta sifuri, akaweka moja. Akabonyeza.

Mistari ikamwagika. Ilipanda kiooni kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakipandishwa na wavu, mingi, myembamba, inayong'aa, na Asmani Lukeba, mtu ambaye watoto wake hawajawahi kumsikia akipaza sauti, akapiga kelele peke yake: "Hakilali! Nour, hakilali! Kinasema!"

Kweli kilikuwa kinasema. Kila sekunde tano kilitoa habari yake: joto ni hili, nijibuni. Kikangoja. Kikauliza tena. Kikangoja. Jibu halikuja. Baada ya maswali matano au sita likaja jibu moja, kisha kimya kirefu.

"Lakini mimi hapa naona majibu yanatoka," Nour akasema. "Kila swali limejibiwa. Yanakwenda wapi?"

Asmani hakujua. Lakini hakuwa na hofu tena. Kama majibu yametoka, yako mahali. Kitu kilichopotea kati ya Bujumbura na Rumonge si hewa. Akanakili daftarini mistari michache ya mlango ule, anwani zote, na akawa bado anaandika simu yake ya pili ilipolia. Alikuwa Aristide, mlinzi wa chumba cha Kigwena, mtu mwenye maneno ya watu watatu.

"Fundi! Kima! Kima wa huku ku pori wameruka juu ya waya, cheche zimetoka, umeme umekwenda! Kisanduku kimezimika! Mimi sikugusa, naapa, ni kima!"

Asmani alitaka kumjibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo. Swali, jibu. Swali, jibu. Swali, jibu. Kila pakiti iliyotoka ilifuatwa na mwenzake iliyoingia.

"Aristide," akasema polepole, "umeme umekatika sasa hivi?"

"Sasa hivi! Lakini usiogope, ninawasha mashine ya mafuta, dakika moja tu."

Mngurumo ukasikika simuni. Kiooni, swali. Swali. Swali.

"Zima."

"Nizime mashine? Frigo itapata joto!"

"Mashine iache iwake. Chomoa kisanduku."

"Nimekichomoa."

Asmani akangoja. Swali, jibu.

"Kirudishe."

Swali. Swali.

"Chomoa."

"Fundi, uko sawa kichwani?"

"Chomoa, ndugu yangu, chomoa!"

Swali, jibu!

Walifanya hivyo mara nne, mpaka Aristide akasema kwamba kama ni mchezo amechoka, na kama ni uchawi basi atafutwe mwingine. Lakini Asmani hakuwa akisikia. Alikuwa amekwisha kukunja kompyuta chini ya kwapa na kutoka nje kutafuta pikipiki. Njia nzima ya kusini, michikichi ikipita pande zote mbili, alimwambia mwendeshaji aongeze mwendo. Mwendeshaji, aliyemfahamu miaka mingi, aligeuka mara mbili kuhakikisha ni yeye.

Alipofika Kigwena hakupoteza muda. Alitazama kwanza orodha ya milango, akachagua ulio macho, akasikiliza. Na hapo, katikati ya maneno ya kisanduku cha Kigwena, akayaona: majibu ya Rumonge. Namba ya Rumonge imeandikwa juu yake wazi kabisa, na yalikuwa yanafika Kigwena. Kisanduku cha Kigwena kilikuwa kinayapokea, kinaona si yake, kinayatupa.

"Yamekuja huku!" akamwambia Aristide na kumshika bega. "Barua za Rumonge zote ziko huku!"

"Mimi sikuzichukua," Aristide akasema.

Asmani akafungua daftari, akaliweka kando ya kioo. Kila kisanduku kilikuwa na anwani mbili. Ya kwanza ilikuwa ile namba ya kawaida, ya Rumonge ikiishia kumi, ya Kigwena kumi na moja. Sawa. Ya pili ilikuwa anwani ya mlango wenyewe, jozi sita za herufi na tarakimu. Akaweka kidole kwenye jozi ya kwanza, daftarini na kiooni. Zinafanana. Ya pili, zinafanana. Ya tatu. Hivyo hivyo mpaka ya sita.

Zilikuwa moja.

Akakumbuka mwezi wa sita. Nour alimtumia kadi moja tu, ya Rumonge, akamwambia: mjomba, inakili kwa ajili ya Kigwena, kisha badilisha anwani. Akainakili kama anavyonakili nyimbo. Akaona anwani mbili. Ile fupi akaibadilisha. Ile ndefu aliitazama, akasema moyoni, hii ni namba ya kiwandani, hii haiguswi. Akaiacha kwa uaminifu wote.

Na njiani, pale antena za Rumonge na Kigwena zinapokutana, kuna chombo cha kugawa pakiti ambacho hakijui namba fupi. Kinajua ile ndefu tu, na humpelekea yule aliyeitaja mwisho. Kisanduku cha Kigwena, kwa sababu mashine ya baridi ya huko ni kuukuu, Nour alikiamuru kiseme kila sekunde. Cha Rumonge kilisema kila sekunde tano. Jibu lilipofika kutoka Bujumbura, sekunde moja hivi baadaye, aliyesema mwisho karibu kila mara alikuwa Kigwena.

Akampigia Nour. Alimweleza yote bila kupumzika.

"Mjomba, kosa ni langu. Nilipaswa kukwambia zote mbili."

"Mkono ni wangu."

"Lakini hiyo si namba ya kiwandani. Ni mimi niliitunga tu. Unaweza kuibadilisha."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hakuna sheria inayokataza?"

"Hakuna, mjomba."

"Haiwi kama ile ya simu?"

"Mjomba! Badilisha!"

Akabadilisha jozi ya mwisho. Alibonyeza polepole, mazoea ya miaka ishirini si kitu cha kutupa kwa neno moja. Akazima kisanduku, akakiwasha. Simuni Nour alikuwa akihesabu kwa sauti habari mpya zinazoingia, Rumonge, Kigwena, Kigwena, Rumonge, kisha akaacha kuhesabu akabaki anapiga kelele tu: "Vyote viwili! Vyote viwili!" Asmani naye akapiga kelele, na Aristide, asiyejua sababu, akaanza kucheza akizunguka mashine ya mafuta.

Kabla ya kukata simu Nour alisema: "Kesho waambie tu kimepona. Inatosha."

Asmani aliyafikiria maneno hayo usiku kucha. Yalikuwa maneno mepesi, ya mtu mwenye haya. Kimepona. Kisha angekaa chini tu. Nani angemwuliza zaidi?

Jumatano saa nne akina mama walijaa mbele ya chumba cha baridi, wengine na watoto mgongoni. Mama Chausiku akasimama juu ya ngazi.

"Munajua habari ya hii kisanduku. Tumeambiwa iko na akili, lakini mwenye kuitengeneza ni mutoto, na kazi ya mutoto munaijua..."

"Si Nour."

Watu wakageuka kutafuta aliyesema. Asmani alikuwa amesimama. Hakuwa ameshika kitu chochote mkononi.

"Si Nour aliyekosea. Ni mimi. Nilinakili kadi, nikaacha visanduku viwili na anwani moja, na majibu ya huku yalikuwa yanakwenda Kigwena."

Alikusudia kuishia hapo. Lakini furaha ya jana ilikuwa bado kifuani, na ilipopata mlango ikatoka yote. Akawaeleza yai, na nyumba isiyo na watu waliyoisikiliza asubuhi nzima. Akawaeleza kima. Alipofika kwa Aristide akichomoa na kuchomeka huku akiapa, aliigiza hata sauti yake, na kicheko kikafika barabarani.

"Asmani anasema!" mama mmoja akaita. "Jamani, mutu amwite Shadia aje aone!"

"Shadia yuko hapa," Shadia akajibu kutoka nyuma, "na mimi pia ndiyo mara ya kwanza!"

Mama Chausiku peke yake hakucheka. Alingoja kelele zipungue.

"Umesema vizuri. Lakini mimi sili maneno." Akashuka, akaushika mlango mzito wa chumba cha baridi, akaufungua wazi kabisa, akausimamia. Ukungu mweupe ukatoka miguuni kwake. "Tutaona."

Dakika moja. Mbili. Watoto wakanyamaza. Asmani alitazama nyuso za watu, moja baada ya nyingine, na hakukumbuka kutazama chini. Dakika ya tatu mama mmoja akaanza kutikisa kichwa kwa huruma.

Simu ya kwanza ikalia ndani ya kitenge cha huyo huyo mama. Ya pili ikalia nyuma. Kisha zote pamoja, mikobani, vifuani, kwenye ncha za vitenge, kila moja na wimbo wake, kelele ya ajabu, na katikati yake Aristide anapiga kutoka Kigwena kusema kwamba hata kwake imelia, na yeye hajagusa kitu.

Mama Chausiku akausukuma mlango ukajifunga. Akasoma simu yake, akaisoma tena.

"Kapu la kwanza ni langu," akasema. "Likioza, tunamuzika Asmani pamoja nalo."

Alhamisi ziwa likafunguka. Usiku wa kwanza vyombo vilijaa mikeke mpaka maji yakakaribia ukingo, na alfajiri ya Ijumaa wanunuzi walikuwa tayari mchangani, mikono mifukoni, wakisubiri kutaja bei yao. Akina mama wakawapita. Wakapanda na makapu vichwani, mstari mmoja, mpaka chumba cha baridi, wakaingia na kutoka, wakaingia na kutoka, na kwa kuwa mlango haukupata nafasi ya kufungwa, simu zililia bila kukoma kutoka saa kumi na mbili hadi saa mbili.

"Asmani!" Mama Chausiku akaita, kapu kichwani, mkono mmoja ukipapasa simu kiunoni. "Nyamazisha hii kitu yako, inatuuwa masikio!"

"Siwezi, mama," Asmani akamjibu kwa sauti kubwa kutoka upande wa pili wa umati. "Kinasema kweli. Fungeni mlango!"